Mwaka Waliponijibia

Mwaka wa 1975 nilikuwa na miaka kumi na sita, na taabu yangu ilianza kwa sababu ya neno moja ambalo halikutoka. Kigugumizi nilikuwa nacho tangu nilipoanza kusema, lakini kigugumizi peke yake si taabu. Ni namna ya kusema, kama vile kuchechemea ni namna ya kutembea. Mtu anafika, anachelewa tu. Taabu huletwa na wale wanaosimama kando yako na kutaka kufika kwa niaba yako. Nilisoma miaka mitatu tu, kisha nikatolewa shuleni kwa sababu mwalimu alichoka kuningoja nisome kwa sauti. Kuandika nilijifunza upya nikiwa mtu mzima mwenye watoto, kwa ajili ya biashara, na hapo nikagundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia: kalamu haikwami. Kwa hiyo ninaandika, na atakayeona ninaandika kwa ukali, basi ameona vizuri.

Mwezi uliopita tulimzika Shangazi Mwajuma, dada yake Baba, hapa Kasongo. Alikuwa amezeeka mpaka hakuna aliyejua tena umri wake. Kwenye matanga tulikaa wanawake kwenye mikeka, sinia za wali na nyama ya mbuzi zikaletwa, na binamu yangu mmoja, mtu wa kupenda kusikika, akaanza kumsifu marehemu. "Shangazi hakuacha musichana wa ukoo huu azeekee nyumbani," alisema. "Wote aliwaoza. Hata Zaina huyu, na ulimi ile yake! Nani angeweza? Shangazi alimupatia bwana, tena bwana wa butiki!" Wanawake wakacheka, kicheko kile cha matanga, cha chini chini. Aliyekaa kando yangu, mdomo umejaa wali, akanipiga paja na kusema, "Ee Zaina, Mungu amuweke pahali pazuri, haukuwa na mwingine wa kukutetea." Niliangalia mafuta yaliyokuwa yakimtiririka kidevuni, nikaangalia ile sinia na alama za vidole vyetu sote ndani ya wali, nikainuka. Nilitapika nyuma ya choo cha wenye msiba. Walisema ni huzuni. Hata hapo walinijibia.

Nyumba yetu ya wakati ule ilikuwa na baraza pana mbele, na Baba, fundi cherehani, alifanya kazi pale pale, akishona kanzu na suruali za watu wa soko. Mama alikuwa amekufa zamani. Shangazi, mjane, ndiye aliyeshika nyumba, na alishika pia kinywa cha Baba. Maana Baba alikuwa na kigugumizi kunishinda. Walisema na baba yake alikuwa nacho, akafa nacho mzee wa mvi. Kwangu maneno yalikwama kimya kimya, kama mlango uliofungwa kwa ndani; kwa Baba shingo ilikaza, macho yakafumba, mguu ukakanyaga sakafu, na mkono wake wa kulia ukapiga paja, pa, pa, pa, mpaka neno litoke. Mteja alikuwa akisimama barazani na kuuliza, "Fundi, kanzu yangu itakuwa tayari lini?" Baba alianza kupiga paja, na kabla hajafika, sauti ya Shangazi ilitoka ndani ya nyumba: "Jumatano!" Mteja akaenda. Baba akarudisha mguu kwenye cherehani. Nilikua nikiona hivyo kila siku, na nilidhani ndivyo nyumba zote zilivyo: mmoja anakwama, mwingine anamjibia, na aliyekwama anashukuru. Sikumbuki Baba akilalamika hata mara moja. Nilipokuwa mdogo niliita jambo hilo upole. Leo naliita uvivu wa roho, na silirudishi neno hilo.

Mchana, Baba akipumzika kwenye chumba cha nyuma, Shangazi alikaa naye na kusema mambo yetu, na mimi nilisikia kila kitu kwa sababu ukuta haukufika kwenye paa. "Ulimi ya huyu mutoto umetoka kwako," alimwambia siku moja. "Nilikuambia usimubebe sana akiwa mudogo. Ulimupumulia." Wengine walisema nilimcheka mtu mwenye kigugumizi ndipo kikanirukia, wengine walisema Mama alikula kitu kibaya akiwa na mimba yangu. Kila mtu alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa na mkosaji. Miaka michache iliyopita muuguzi kijana wa kituo cha afya aliniambia kwamba mambo haya hufuata damu, kwamba wengine huyaacha wakikua na wengine hawayaachi, wala hakuna aliyekosa. Nilimwambia hayo niliyajua kabla mama yake hajaolewa. Nilikuwa nimemwona Baba kwenye cherehani yake.

Siku hiyo hiyo ya maneno ya kupumuliwa, Shangazi aliendelea: "Ana miaka kumi na sita. Hapa Kasongo kila mutu anamujua ulimi. Lakini Kabambare hawamujui. Kuna bwana moja, Musafiri, iko na butiki, iko na muke moja, anatafuta wa pili. Watu yake watakuja kumuangalia." Nilisikia paja la Baba likipigwa. Shangazi hakumngoja. "Vizuri," akasema. "Nilijua utakubali."

Watu wa Musafiri walikuja baada ya mavuno ya mpunga, wanawake wawili na mzee mmoja, na Musafiri mwenyewe akakaa nyuma yao kwenye kiti, mtu wa miaka arobaini hivi, mnene, mwenye viatu vya kung'aa. Kabla sijaingia na chai Shangazi alinishika bega jikoni. "Uiname, uweke kikombe, ucheke kidogo. Usifungue kinywa. Wakikuuliza jina, uangalie chini, mimi niko." Nikaingia, nikainama. "Unaitwa nani, mama?" mmoja wa wanawake akauliza. Nikaangalia chini. "Anaitwa Zaina," Shangazi akajibu. Yule mwanamke akacheka kwa furaha: "Lo! Mutoto iko na haya namna hii? Siku hizi wasichana wanatuangalia mu macho kama maaskari." Na Shangazi, akimega mkate wa mchele kwa vidole vyake vya pete, akasema, "Haya? Huyu ni haya tupu. Tangu azaliwe." Ndivyo walivyoniuza. Walichukua kile kile walichokionea aibu miaka yote, wakakifunga vizuri, wakakiita adabu. Baba alikuwa amekaa pale. Alikunywa chai yake yote.

Musafiri sikumchukia, maana sikumjua. Sikutaka tu. Nasema hivyo kwa sababu wajukuu huniuliza kama nilikuwa na mwingine moyoni, kana kwamba msichana lazima awe na mwanamume wa pili ndipo aruhusiwe kumkataa wa kwanza. Sikuwa na mtu. Nilijua kwamba siku ya ndoa mashahidi wawili wataingia kwenye chumba cha wanawake na kuniuliza mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, kama nimekubali. Nilikuwa nimeona wasichana wengine wakiulizwa. Niliona hapo nafasi yangu, na siku tatu za mwisho nilijifunza neno langu kwenye kinu. Mtu mwenye kigugumizi hakwami akiimba, na hakwami akisema kwa kufuata mpigo. Basi nilitwanga mpunga, na kila mchi uliposhuka nilitoa kipande: si, ta, ki. Si, ta, ki. Lilitoka safi kama maji. Siku ya tatu nilijaribu bila mchi, nikipiga paja kidogo tu kama Baba, likatoka pia. Nilifurahi sana. Shangazi alipita na ungo, akaniambia, "Naona umechangamuka, bibi arusi."

Chumba kilikuwa kile cha Shangazi, chenye kitanda cha chuma na sanduku la nguo zake. Wanawake walijaa mpaka hewa ikawa nzito kwa jasho na udi, na mimi nilikaa kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa kitenge kipya ambacho bado kilinuka duka. Shangazi alikaa kulia kwangu, magoti yetu yakigusana. Mashahidi waliingia, wazee wawili, na Baba akaja nao mpaka mlangoni, akasimama pale, mkono kwenye mwimo. Mmoja wa wazee akakohoa na kusema, "Zaina, baba yako anataka kukuoza kwa Musafiri wa Kabambare. Umekubali?" Nilivuta pumzi. Neno lilipanda, likafika nyuma ya meno, likasimama. Niliinua mkono wangu wa kulia ili nipige paja. Na Shangazi akaushika. Aliushika kwa mikono yake miwili, akaukandamiza kwenye mkeka, akasema kwa sauti tamu ambayo wote waliisikia, "Tulia, mwanangu. Usitetemeke." Wanawake wakaguna kwa huruma. Mzee akauliza mara ya pili. Taya langu lilikuwa limekaza, midomo wazi, shingo inavuta, machozi yanatoka kwa ile nguvu ya kusukuma, na hakuna sauti, hata ya pumzi. Akauliza mara ya tatu. Nilivuta mkono, Shangazi akakaza. Nikainua macho, kitenge kikateleza kidogo, nikamwona Baba. Alikuwa ananiangalia moja kwa moja. Mkono wake uliokuwa kwenye mwimo ulikuwa umekunja ngumi.

"Ananyamaza," mzee akasema. "Musichana akinyamaza mara tatu, ni haya, amekubali."

"Amekubali!" Shangazi akasema, na vigelegele vikapigwa, na nilipofikisha "si" hakuna aliyeweza kusikia. Baba aligeuka akaenda nao kwa wanaume.

Miaka mingi baadaye mwalimu mmoja wa dini, mtu mwenye heshima, aliniambia kwamba mambo hayakutakiwa kwenda vile. Kwamba ile nafasi ya kunyamaza imewekwa kwa msichana anayeona aibu kusema ndiyo, na kwamba dalili yoyote ya kukataa ilitosha kuwasimamisha. Nilimshukuru. Lakini wale wazee wawili walikuwa majirani zetu. Walishonesha kanzu zao kwa Baba. Walikuwa wamesimama barazani pale mara ngapi, wakiiona shingo ile ile, taya lile lile, kinywa kile kile kilicho wazi bila sauti? Kwa Baba walijua ni kigugumizi. Kwangu, mchana ule, wakaona haya. Mtu huona kile kinachomfikisha upesi kwenye wali.

Tulipanda kamyo, lori la chumvi, mimi na Musafiri, tukalala njiani Lusangi kwa sababu ya matope, na siku ya pili jioni tukafika Kabambare. Njia nzima hakuniuliza kitu kilichohitaji jibu. Asubuhi ya kwanza nilienda kumsalimu mama yake, mwanamke mfupi mwenye macho makali, aliyekaa kwenye kiti kidogo akichambua mchele. Nilifungua kinywa nimwambie umeamka vizuri, Mama. Nikakwama. Nikakanyaga chini. Nikakwama tena. Aliweka ungo kando polepole. "Musafiri!" akaita. "Musafiri, kuya hapa! Hawa watu ya Kasongo wametupatia mutu ya namna gani?" Musafiri alitoka na mswaki mdomoni. Alinisikiliza mpaka salamu ikaisha, na ninakiri ilikuwa ndefu, kisha akatema povu chini na kusema, "Walisema ni haya."

"Haya hairushi miguu," mama yake akajibu.

Kutoka siku ile nilikula peke yangu nyuma ya jiko, kwenye bakuli la bati ambalo hakuna mwingine aliyeligusa, kwa sababu waliamini kigugumizi hupita kwenye mate. Nilipewa muhogo na sombe ya majani yake, na wali nilipewa ukoko. Mke mkubwa wa Musafiri alikuwa na mimba, nami nikakatazwa kusema karibu naye. Akipita, ninyamaze, nikiwa katikati ya neno, nilimeze. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke wa masihara. Siku moja wageni walipokuja alinyanyuka, akashika tumbo lake, akakanyaga chini na kuniigiza, "Ma-ma-ma-mama, ni-ni-ni-nisaidie ma-ma-maji!" Wageni wakacheka mpaka wakajishika mbavu. Mama mkwe alitoka jikoni mbio na mwiko mkononi, akamchapa nao mabega. "Unaiga na mimba mu tumbo? Unaiga? Itaingia mutoto! Tema mate! Tema mara saba!" Basi mke mkubwa akapiga magoti uani, akatema mara saba, na wageni wakamhesabia kwa sauti. Nilikuwa nimesimama pale na ndoo yangu. Ndiyo mara pekee niliyocheka mwaka ule, na nilicheka bila kukwama.

Mwezi wangu wa tatu pale, mama mkwe alimleta mzee mmoja wa wembe. Walisema ulimi wangu umefungwa chini na ngozi, ikikatwa utaruka. Sikuulizwa, na nadhani hilo lilikuwa afadhali kuliko kuulizwa kama nilivyoulizwa Kasongo. Ilikuwa kwenye chumba cha kuwekea mihogo mikavu. Kulikuwa na beseni la plastiki la kijani, mafungu ya mihogo, panya waliokuwa wakikwaruza. Mama mkwe alinishika kichwa, mke mkubwa akasimama mbali mlangoni kwa ajili ya mimba yake. Yule mzee alipangusa wembe kwenye suruali. Sitaeleza zaidi, ila kwamba alitia chumvi na majivu, na kwamba mikono yake ilinuka samaki. Nilikunywa uji majuma matatu. Nilipoanza kusema tena, walikuja wote kunisikiliza kama watu wanaojaribu redio iliyotoka kwa fundi. Nikakwama pale pale pa zamani. "Basi," mama mkwe akasema, "si ulimi. Ni damu." Kwa njia ile ya uchafu, ndiye mtu wa kwanza kusema ukweli.

Baada ya hapo nilimwambia Musafiri. Nilingoja siku moja alipokuwa peke yake dukani akipanga sabuni, nikaenda na mti mdogo mkononi, nikapiga kaunta kwa mpigo. Si-ku-ta-ka. Ndoa. Hii. Si-ku-ta-ka. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo ninampa, hakunikatiza. Kisha akashika kipande cha sabuni, akakigeuza geuza. "Lakini walikuuliza," akasema. "Mara tatu. Si walikuuliza?" Nikatikisa kichwa ndiyo. "Sasa mbona haukusema?" Aliuliza kwa moyo mmoja kabisa. Hakuwa akinidhihaki. Alitaka kujua. Nimekutana na watu wakatili wengi katika biashara, na hakuna aliyewahi kunichafua roho kama mtu yule mpole na sabuni yake.

Mpunga ulipoanza kukomaa tena, walinirudisha. Musafiri hakuja. Alitoa talaka yake mbele ya watu, akamtuma mjomba wake anifikishe. Mjomba huyo alisimama barazani kwetu, kamyo likinguruma nyuma yake, akamwambia Shangazi, "Tulipewa haya, kumbe ni kigugumizi. Mahari tunawaachia. Mumununulie ulimi." Akaondoka. Watu wa mtaa walikuwa wamesimama njiani kama kwenye mpira. Shangazi akaanza kulia kwa sauti kuhusu watu wa Kabambare, washenzi, wasiojua adabu, na mimi nikampita, sanduku langu kichwani, nikaenda moja kwa moja kwa Baba.

Alikuwa anashona. Hakuinua kichwa. Mguu wake ulikuwa unakanyaga, gurudumu linazunguka, nguo inapita chini ya sindano, na aliendelea kushona kana kwamba nilikuwa nimetoka kisimani. Niliweka sanduku chini. Nikaweka mkono kwenye gurudumu, likasimama. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba swali moja. Wale wazee wangeweza kusema hawakujua. Musafiri angeweza kusema hakujua. Shangazi angesema lolote. Lakini kulikuwa na mtu mmoja tu mlangoni pale aliyejua, ndani ya shingo yake mwenyewe, ni nini kilichokuwa ndani ya shingo yangu, na nilitaka kusikia kutoka kwake, kwa sababu kama hakuona, basi nilikuwa na baba, na kama aliona, sikuwa naye. Nilipiga meza ya cherehani kwa kidole. U-li-o-na? Siku ile. Ma-shahidi. U-li-o-na?

Alifungua kinywa. Shingo ikakaza, macho yakafumba.

"Baba yako alikuwa na mawazo mengi siku ile," Shangazi akasema nyuma yangu, akifuta machozi. "Wageni walikuwa wengi, angeona nini? Yeye alikuwa..."

"Nyamaza," nikamwambia. Neno hilo lilitoka bila kukwama, na bila mpigo wowote. Sikuwahi kumwambia mkubwa wangu neno la namna ile. "Yeye ndiye anajibu," nikasema, na hilo lilinichukua muda, nao wakanisikia mpaka mwisho kwa sababu ya mshangao tu.

Kisha nikamngoja Baba. Mkono wake ulipiga paja, pa, pa, pa, ukaacha, ukaanza tena. Sikuushika. Sikuangalia pembeni, maana najua mtu akiangalia pembeni ulimi unafunga zaidi. Sikumsaidia kwa herufi moja. Jasho lilimtoka kipajini likaanguka kwenye kanzu ya mteja. Mtu mmoja wa njiani alianza kucheka, mwenziwe akamnyamazisha. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumngoja Baba mpaka afike, hata mimi sikuwahi, na nafikiri yeye mwenyewe hakujua kama angefika. Jua lilitoka kwenye ukingo wa baraza likaingia mpaka kwenye miguu ya cherehani.

"Ni," alisema. "Ni-ni-niliona."

Nikangoja tena, kwa sababu midomo yake ilikuwa bado inafanya kazi.

"Nilijua ni... ni hapana. Nikasema mu roho, a-a-akikataa huyu, nani mwingine atakuja."

Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote nilizomsikia akimaliza. Alipoimaliza alionekana mwepesi, karibu afurahi, kama mtu aliyeshusha gunia, na akaniangalia akingoja kitu. Labda alingoja nimwambie nimeelewa. Nilielewa. Nilielewa vizuri sana kwamba alikuwa ameutazama ugonjwa wake mwenyewe juu ya uso wangu na akaona ndani yake njia ya kunitoa nyumbani. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na ya jasho lake. Nilichukua sanduku langu. Sikulala pale hata siku moja. Nilienda kukaa kwa mwanamke mmoja Mkristo, mjane, aliyekuwa na shamba la mpunga nje ya mji na alitaka mtu wa kutwanga, akanionyesha pa kuweka mkeka, na kila niliposema aliendelea na kazi yake mpaka nimalize.

Nimeambiwa na watoto wangu kwamba ningesamehe. Baba aliishi miaka mingine ishirini, nilimsalimu nikikutana naye njiani, nikampelekea mchele kila sikukuu, na hakuna aliyesema nilikosa adabu. Lakini nyumba ile sikuingia tena mpaka mwezi uliopita kwenye matanga, na nimeshasema nilichokifanya nyuma ya choo chao. Watoto wangu wawili kati ya watano wana kigugumizi, na ni watu wazima, mmoja ana mvi. Mjukuu wangu Salima ana miaka kumi na minne, na ulimi wake ni wangu kabisa, unafunga kimya. Mwanangu mmoja, mtu mwema, ana tabia ya kummalizia maneno wakati wa kula. "Anataka chumvi," anasema. Mara ya mwisho nilimwambia achukue sahani yake akale nje. Alisema, "Mama, ni kumusaidia tu." Nikamwambia ndivyo alivyosema hata marehemu Shangazi. Tukamngoja Salima amalize, wali ukapoa. Salima alikuwa anataka maji.

Na kwa kuwa watu wa matanga waliuliza ningekuwa nani leo bila Shangazi, niandike nilicho nacho. Nina nyumba ya matofali ya kuchoma Kasongo, vyumba sita, bati jipya. Nina mashine mbili za kukoboa mpunga, moja hapa, moja Lusangi. Nina duka la mchele sokoni, ambako watu huniita Mama Bei Moja, kwa sababu tangu mwanzo sikuweza kubishana bei na mtu, nikaandika bei kwenye ubao na kukaa kimya, na wateja wakaona huo ni uaminifu. Nina pikipiki mbili, moja mbovu. Nina shamba la mpunga alilonirithisha yule mjane, na mengine matatu niliyonunua. Nina mbuzi kumi na tisa. Nilikuwa na mume wa pili, niliyemjibu mwenyewe, amekufa. Nina watoto watano na wajukuu kumi na mmoja. Nina kigugumizi, kile kile, hakijapungua. Kaburi la Baba jamaa walilijengea saruji; mimi sikutoa hata mfuko mmoja, kwa hiyo hilo silihesabu.